Nina M60: nijenge vyumba sita vya kupangisha Kivule au niweke bondi? Leteni hesabu

Kipawa Original
Wakuu kwema? Naomba mawazo ya watu wenye hesabu zao, sio wale wa "ardhi haiozi" maana hiyo naisikia tangu niko darasa la nne.

Tumeuza kaeneo ka familia Tabata tukagawana, mgao wangu umesimama milioni 60 keshi. Mimi tayari nina vyumba vinne Kivule, nilijenga mdogo mdogo, mpangaji wa kwanza aliingia miaka saba iliyopita kwa elfu 60, sasa hivi viko 90. Jirani yangu anauza kiwanja 20 kwa 20 kwa M12. Nimekaa na fundi wangu tumepiga, chumba sebule choo ndani na kakona ka jiko, sita kwa mpigo, M48 naingiza watu. Bati la kawaida, tofali inchi 5, madirisha ya aluminiamu, jipsamu hapana. Laki moja kila kimoja, mara sita, mara miezi 12 ni 7,200,000. Hiyo ni asilimia 12 juu ya M60. Miaka nane na miezi minne hela yote imerudi na nyumba bado ipo.

Sasa shemeji yangu yuko benki ananiambia naota mchana, niipeleke yote bondi ya serikali ya miaka 25, yaani unaikopesha serikali inakulipa riba. Hizo kuponi (asilimia ya riba kwa mwaka) zinapanda na kushuka, 2021 ilitoka ya 15.95, 2022 wakaishusha mpaka 12.56, mimi nimempigia kwa hiyo ya chini ili nisijidanganye: 7,536,000 kwa mwaka, inalipwa mara mbili, haikatwi kodi, hakuna fundi, hakuna mpangaji wa kukuzimia simu.

Zimeachana laki tatu tu na nyumba. Ndo maana nimekwama. Mke wangu anataka nyumba.

NB: najua mtauliza usumbufu wa wapangaji. Mimi nishajifunza, sipangishi mtu mwenye watoto zaidi ya wawili, shimo la choo linajaa haraka mno. Ukiondoa hilo sina shida.

mama wa watatu
Samahani kaka yangu, watoto wangu wanakula kokoto? Nauliza tu. Maana nina watatu, mkubwa ana miaka tisa na mdogo bado namfunga nepi, sasa huyo wa nepi shimo lako analijaza kwa njia gani

Shemeji wa Taifa
😂😂😂 nimesoma mahesabu yote nimetulia kabisa nafika NB nikamwaga chai

Mhasibu wa Mtaa
Mleta mada hesabu yako ni ya mapato kabla hujagusa gharama yoyote, alafu unailinganisha na bondi ambayo ni mapato safi. Hapo ndo umepotea, acha mambo ya watoto kwanza.

Chukua hiyo 7.2M. Kila chumba kikikaa kitupu mwezi mmoja tu kwa mwaka (na kitakaa) toa laki sita, imebaki 6.6M. Kodi ya mapato ya pango asilimia 10 toa 660,000, imebaki 5.94M. Matengenezo, vitasa, koki, rangi, bati likivuja, weka laki tano kwa vyumba sita, na hapo nimekuwa mpole. 5.44M. Kuvuta choo, kufagia nje, taa ya nje, weka laki tatu. Umebaki na 5.14M. Gawanya kwa M60 ni asilimia 8.6.

Bondi inakupa 7.5M. Tofauti sio laki tatu mkuu, ni kama milioni 2.4 kila mwaka. Na sijaweka ule mwaka mzima wa ujenzi ambao hela imelala kwenye msingi hailipi kitu.

Ila siko upande wa shemeji yako pia. M60 ya bondi baada ya miaka 25 itarudi M60 ile ile. Mfumuko wa bei ukibaki kwenye asilimia 3 kama ulivyo siku hizi, hiyo M60 itanunua vitu vya M28 na ushee vya leo. Nyumba inapanda. Kwahiyo swali lako halisi ni moja tu, je pango na kiwanja cha Kivule vinapanda zaidi ya asilimia 4 kwa mwaka? Maana hiyo 2.4M ni asilimia 4 ya mtaji wako. Vyumba vyako vya zamani vimetoka 60 mpaka 90 kwa miaka saba, hiyo ni karibu 6 kwa mwaka. Sasa kazi ni kwako.

Kipawa Original
@mama wa watatu dada yangu usichukulie hivyo, sijasema watoto ni wabaya, mimi mwenyewe ninao wanne. Nimesema choo. Ni uzoefu, sio chuki. Kuna jamaa alikuwa na watoto watano chumba na sebule, mwaka ule nimeita gari la majitaka mara tatu, na kila safari ni hela.

mama wa watatu
Una wanne na unakataa wenye watatu. Sawa.

Mpangaji Sugu
Wenye nyumba wa Dar mna dharau za kipekee, hakuna mtu atanibadilisha mawazo hapo. Tunakulipa miezi sita mbele kwa mkupuo, hela ambayo mtu anaiuzia hadi friji, unaila siku hiyo hiyo, alafu mwezi wa tatu koki imekatika unaambiwa "jitengenezeeni tutakatana kwenye kodi", kodi ikifika hukumbuki.

Na hapo hapo kodi ya jengo lako nalipa mimi kwenye luku. Ilianza buku 2021, ikaja 1,500 kwa mwezi, nikinunua umeme inakatwa kwangu. Nyumba ya nani? Yako. Siku nikikuambia unirudishie unacheka. Sasa kwenye hesabu yako sijaona hiyo ya jengo, nilijua tu haitakuwepo, maana unajua nani analipa

Mama Mjengo
Hahaa kumbe 1,500 ndo inakutoa povu hivyo. Ukitaka kupanga pasipo na kodi ya jengo hamia kwenye hema.

Mpangaji Sugu
Mama hata huyo mleta mada kwenye sita zake zikiwa na mita sita ni 1,500 mara sita mara 12, ni laki na nane elfu. Nyumba moja. Watu wanalipa jengo moja mara sita na hakuna anayepiga kelele kwa sababu wanaolipa ni sisi tuliokaa kwenye hema lenu.

Mhasibu wa Mtaa
Kama jengo ni moja na mita ni nyingi unaweza kwenda kwa wanaosimamia hiyo kodi wakarekebisha ikatwe mita moja, hiyo ipo tangu ilipoanza. Ila ni kweli wenye nyumba wengi hawaendi, wataenda kufanya nini, haiwaumi.

Mama Mjengo
Mnaongea sana nyie wapangaji lakini hamjawahi kujenga hata banda la kuku. Nina nyumba Mbagala nyumba Kimara, nimelea wapangaji miaka kumi na tisa. Mtu anaingia anakuambia mko wawili, mwezi wa pili kaja mdogo wake na shangazi na wa kijijini anayetibiwa, mmekuwa saba, mita ya maji ni moja mnagawana sawa kwa sawa, yule mwingine anayeishi peke yake analia. Nani anasuluhisha? Mimi. Saa tano usiku. Kwahiyo mleta mada akisema watoto wawili mwisho mwacheni, nyumba ni yake.

mama wa watatu
Naomba niseme kitu alafu nitoke. Nimetafuta nyumba Chanika miezi miwili. Kila nyumba swali la kwanza sio una kazi gani wala utalipa miezi mingapi, ni "una watoto wangapi". Nikisema watatu anaangalia pembeni, "aah kuna mtu keshatoa advansi". Nyumba ya sita nikampeleka mdogo kwa bibi yake siku ya kwenda kuangalia, nikasema wawili. Nikapewa. Miezi minne kila mwenye nyumba akipita nje namfungia mtoto ndani na kumpa biskuti asilie. Mwanangu wa mwaka mmoja namficha kama gongo.

Ndio maana nikaona NB yako nikashindwa kupita kimya.

Dada wa Temeke
😢 kama gongo

Mama Mjengo
Sasa si ndo hapo unathibitisha wapangaji ni waongo? Umedanganya idadi.

Mpangaji Sugu
Mama wewe una moyo wa zege kweli.

Shemeji wa Taifa
Zege la kipimo kizuri kabisa, mifuko saba ya saruji

Fundi Kokoto
Wakuu mimi ni fundi, naomba niulize mleta mada mambo matatu kuhusu hilo shimo maana nadhani mnagombana bure. Moja, lina futi ngapi. Mbili, ni moja kwa vyumba vyote vinne? Tatu, maji ya kuogea na kufulia yanaenda wapi?

Kasarani Mwenyewe
Hamjambo ndugu zangu wa Bongo, mimi niko Nairobi nafuatilia hii stori. Swali, ati mnalipa renti ya miezi sita mara moja?? Sasa hiyo pesa mtu anatoa wapi. Huku ni mwezi moja na dipoziti ya mwezi moja unaingia. Lakini tarehe tano ikifika hujalipa keateka, msimamizi wa nyumba, anakuja na kufuli yake, utalala nje na masufuria yako.

Landlodi wa huku naye KRA, mamlaka ya mapato ya huku, inamkata 7.5 asilimia ya renti yote, ilikuwa 10 ikashushwa Januari 2024. Na hiyo ni kabla hajatoa gharama yoyote, so huyo mhasibu wenu anaongea ukweli.

Dada wa Temeke
Karibu jirani. Hiyo dipoziti ukihama mnarudishiwa?

Kasarani Mwenyewe
Inarudi ikiwa imekatwa rangi, imekatwa kitasa, imekatwa balbu. Ukiangalia unaona wewe ndio unadaiwa 😅

Mpangaji Sugu
Hata hivyo bora. Mwezi mmoja mmoja. Huku mawaziri wamesema mara ngapi watu wasilipishwe mwaka wala miezi sita, inaishia redioni. Sheria ya kudhibiti pango ilikuwepo, ile ya 1984, ikafutwa 2005, tangu hapo mwenye nyumba ndiye bunge ndiye mahakama.

Mama Mjengo
Nikichukua mwezi mmoja mmoja nani atanijengea? Miezi sita ndiyo inayonunua bati. Mnadhani sisi tunakopa benki? Benki ukienda na nyumba ya Kivule yenye karatasi ya serikali ya mtaa wanakuangalia kama umebeba karatasi ya maandazi.

Kipawa Original
Mama umenena. Na ndo maana hiyo miezi sita mimi naihesabu kama faida, vyumba sita vikiingia pamoja ni M3.6 kwa mkupuo, unaweza kuitupia UTT (mfuko wa uwekezaji wa pamoja) ikazaa wakati miezi inasogea. Hicho kwenye hesabu ya mhasibu hakipo.

@Fundi Kokoto shimo ni moja, futi sita kama sikosei, maji yote yanaingia humo humo, si ndo kazi ya shimo.

Mhasibu wa Mtaa
M3.6 ya miezi sita ukiiweka UTT na ukaitoa kidogo kidogo, wastani inakaa kama M1.8 kwa nusu mwaka, kwa asilimia 12 ni kama laki na nane elfu, mara mbili kwa mwaka laki mbili na kumi na kitu. Sawa nimeiongeza. Umefika asilimia 8.9. Ila tuwe wakweli, wewe na mimi tunajua ile hela ikiingia inaenda ada ya shule na send-off ya binamu.

Kipawa Original
Hahaha hapo sina la kusema

Dalali Msomi
Nimecheka sana uzi huu maana mimi ndo nawaletea hao watu. Nawapa siri ya kazi bure leo. Mwenye familia akiingia anakaa. Mtoto keshaanza shule pale, mama keshapata genge, keshajua basi linapopita, hahami kizembe, nina watu niliwaingiza Kitunda mpaka leo wako miaka mitano. Bachela anakaa miezi sita mkataba ukiisha kaona picha ya chumba chenye taili Goba kaondoka. Na mimi akiondoka napata mwezi wangu mwingine, kwahiyo mleta mada endelea hivyo hivyo kukataa watoto, familia yangu inakula.

Mhasibu wa Mtaa
Hii komenti ya dalali ndiyo ya kuweka kwenye fremu. Tupigeni:

Bachela kahama kila mwaka: mwezi mmoja mtupu laki, rangi na kitasa tuseme elfu 60. Jumla 160,000 kwa chumba kimoja kila mwaka.
Familia ya watoto watatu inakaa miaka minne: hiyo 160,000 unaigawa kwa minne, elfu 40. Ongeza gari la majitaka safari moja zaidi kila mwaka, hata ukisema laki nzima ni ya chumba hicho peke yake, 140,000.

Kwahiyo hata kwa hesabu yako mwenyewe ya choo, watoto wana faida ya elfu ishirini.

Mama Mjengo
Dalali ni wa kusikiliza? Dalali alinileteaga mtu anasema ni mtumishi wa umma kumbe anafuga mbuzi wanne ndani ya chumba.

Dalali Msomi
Mama mbuzi hawajazi shimo lakini 😂

Shemeji wa Taifa
Tena mbuzi wanne ni zaidi ya wawili, sheria ni sheria

Muscat Njaa
Salaam aleikum. Mimi sina hesabu kubwa nina ushuhuda. Nilikuwa natuma hela kutoka Oman kujenga fremu tatu Tanga, miaka mitatu natuma, mdogo wangu ananitumia picha, msingi, kozi ya tofali, lenta. Nimerudi likizo nimefika kwenye kiwanja kuna mihogo. Zile picha ni za nyumba ya jirani. Jirani mwenyewe alinishukuru, alisema mdogo wako alikuwa anakuja kupiga picha kila wiki nikajua anaipenda nyumba yangu.

Bondi haina mdogo wake. Ni hayo tu.

Dada wa Temeke
Wa aleikum salaam kaka pole sana ila nimecheka sana nisamehe

Mzee wa Gerezani
Nyie vijana mnaongea kama nyumba haiwezi kukupotea ukiwa umelala ndani ya mji. Aprili 1971 serikali ilitaifisha majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi laki moja. Watu walikuwa na maghorofa Kariakoo na Upanga, yakaenda kwa Msajili wa Majumba, 1990 yakaunganishwa na shirika la nyumba. Hadi leo ukipita mitaa ile wenye umri wangu tunaoneshana, ile ilikuwa ya fulani, ile ya fulani. Sisemi itarudi. Nasema mnapoweka asilimia zenu pande zote mbili, nyumba na hatifungani, mwenye mji ni mmoja.

Kipawa Original
Shikamoo mzee wangu. Nimekupata.

Shemeji wa Taifa
Shikamoo mzee. Ila kwa heshima zote vyumba vya tofali inchi 5 Kivule hata Mwalimu angevipita

Mzee wa Gerezani
Marahaba. Na kweli angevipita.

Mwekezaji Kijana
Mnashangaza. Kuna mtu anafikiria kujenga uswahilini vyumba vya laki laki na wakati M60 hiyo hiyo unanunua hisa, unanunua bondi sokoni pale DSE, soko la hisa la Dar, unauza ukitaka, unaanza na milioni moja tu. Nyumba utauza lini? Ukiumwa leo unataka M5 utabomoa choo uuze? Wazee wetu ndo walitupoteza na haya mambo ya vijumba.

Mama Mjengo
Wazee wako waliokulea kwenye hivyo vijumba. Unaishi wapi wewe kijana

Mwekezaji Kijana
Hilo halihusiani

Mama Mjengo
Nimeuliza tu

Mpangaji Sugu
Mama leo kwa mara ya kwanza niko na wewe 😂😂 anaishi kwa mama yake huyo

Mwekezaji Kijana
Kwetu sio kwa mama yangu ni kwa babu, ni nyumba ya familia. Na pia mnasahau ile bondi ukiinunua kwenye mnada bei inaweza kuwa juu ya mia, ukilipa 105 kupata 100, hiyo 12.56 yenu sio 12.56 tena, inashuka karibu 12. Nashangaa hata mhasibu hakusema, nilikuwa nataka kuwasaidia ila endeleeni kujadili ninapolala.

Mhasibu wa Mtaa
Hiyo ni pointi kijana, chukua maua yako. Na ndivyo ilivyo kwa ile 15.95, kila mtu anaisifia ila ukienda kuinunua leo kwa mtu anakuuzia kwa bei ya dhahabu. Kwahiyo pengo sio 4 tena, ukijumlisha na ile ya UTT linakuja kama 3.

Alafu zito zaidi. Bondi wewe ukifa warithi wanagawana shilingi kwa shilingi. Vyumba kumi vya Kivule vyenye karatasi ya serikali ya mtaa na watoto wanne, mleta mada unajua mwenyewe mmetoka tu kuuza kaeneo ka Tabata.

Kipawa Original
Hapo umenigusa pabaya. Tumeuza kwa sababu tulishindwa kuelewana, miaka sita kesi ya ukoo, dada yangu hatusemeshani. Tuache hilo.

Fundi Kokoto
Narudi kwenye shimo. Futi sita, vyumba vinne, maji ya kuoga na kufua yote ndani. Mkuu vyumba vinne hata ukiweka watu watatu watatu ni 12, kila mmoja akioga ndoo mbili kwa siku, nguo za wiki, vyombo, umeshazidi ndoo thelathini kwa siku kwenye shimo la futi sita. Kinachojaza ni maji, kinyesi ni kidogo sana humo. Hata ukipangisha masista wa kanisa lingejaa. Zile safari tatu za gari zilikuwa miezi gani?

Kipawa Original
Machi, Aprili, kama sikosei na mwishoni mwa Mei.

Fundi Kokoto
Masika.

Shemeji wa Taifa
Hahahahaaaa watoto wanaitwa Machi, Aprili na Mei

Fundi Kokoto
Sio kucheka, ni kawaida, upande wa bondeni kule ardhi ikishiba maji shimo halinyonyi tena, na kama ukuta hujaupiga plasta vizuri maji ya mvua yanaingia kwa ubavuni, unalipa gari kuja kunyonya mvua. Nimeona nyumba tatu hivyo mwaka jana tu. Wanakuja kuniambia fundi wapangaji wangu wanakula sana.

mama wa watatu
Nilisema nimetoka ila nimerudi kusoma hii. Asante fundi.

Kipawa Original
Sawa lakini jamaa wa watoto watano alipohama mwaka uliofuata gari lilikuja mara moja tu. Hilo nalo mnalielezaje?

Fundi Kokoto
Mwaka uliofuata mvua zilikuwaje?

Dalali Msomi
Na chumba chake kilikaa kitupu muda gani mkuu? Maana mimi Kivule nakujua

Kipawa Original
Miezi minne.

Mhasibu wa Mtaa
Laki tatu na sitini kwa bei ya sasa. Gari la majitaka ungeita mara ngapi?

Mama Mjengo
Msimgeuze kibao jamani, mtu kaja kuomba ushauri wa bondi mmemfanyia kesi. Mwanangu jenga. Mimi bondi siijui na sijawahi kuiona, nyumba nikiamka naiona.

Kasarani Mwenyewe
Mama huyo angekuwa landlodi wangu ningehama nchi lakini nampenda

Mpangaji Sugu
Kwahiyo kodi ya jengo mmeipita hivi hivi? Hakuna mwenye nyumba hata mmoja humu aliyesema anarudisha. Nimehesabu, mmejibu mbuzi mmejibu mihogo.

Kipawa Original
@Mpangaji Sugu mimi nitaenda kurekebisha hizo mita, nakiri sikuwa najua kama inawezekana.

@Fundi Kokoto nikijenga sita hizi mpya, ukiniambia nitenganishe maji ya kuoga na choo, mashimo mawili, la kukusanya na la kunyonya, futi kumi na kupigwa vizuri, inaongeza bei gani kwenye ile M48? Fundi wangu aliweka shimo moja.

Fundi Kokoto
Moja kwa vyumba sita??

Kipawa Original
Moja.

Fundi Kokoto
Siwezi kukupa bei sijaona udongo. Chimba kwanza futi nne tu pale kwenye kiwanja cha jirani kabla hujamlipa hiyo M12, acha usiku mmoja, asubuhi uchungulie kama kuna maji. Uje utuambie.

Mhasibu wa Mtaa
Na ukichimba chimba baada ya mvua, sio sasa hivi jua linawaka muuzaji anakenua.

Kipawa Original
Jirani ameshaanza kuniuliza naleta lini hela.